Picha za familia: Mtoto hapangwi, hufuatwa

KATIKA sebule nyingi za Kisumu na viunga vyake, picha ya familia iliyotundikwa ukutani huwa na sura moja. Baba ameketi kitini, mama amesimama kando yake, nao watoto wamepangwa kwa vimo vyao mbele ya pazia lililochorwa maua. Nguo ni za Krismasi, viatu vimeng'arishwa, na hakuna anayecheka.

Picha hiyo ina heshima yake, wala si haki kuidharau. Enzi za filamu kila picha iligharimu pesa, na mkanda wa kawaida ulikuwa na nafasi 36 pekee. Familia iliyofunga safari kutoka Seme au Nyakach hadi studio ya mjini haikuwa na nafasi ya kubahatisha. Hata hivyo, mtu mzima anayeitazama picha hiyo leo hajioni alivyokuwa utotoni. Anaona jinsi alivyoamriwa kusimama.

Ndiyo sababu wapo wazazi wanaochagua mtindo mwingine, ambao wapigapicha wameuazima kutoka kwa wanahabari. Familia huendelea na shughuli zake za kila siku, naye mwenye kamera huifuata. Mtoto anaogeshwa kwenye karai, anamtazama nyanya akiparua magamba ya ngege, anagombania baiskeli na nduguye, kisha anapitiwa na usingizi mgongoni mwa mama. Hakuna pazia, wala hakuna anayeambiwa acheke.

Wengi hudhani kwamba kazi hii ni rahisi kwa kuwa hakuna kinachopangwa. Ukweli ni kwamba mpango upo, ila hauonekani. Mpigapicha stadi haanzi kupiga mara afikapo. Huketi, hunywa chai, huiacha kamera mahali ambapo mtoto ataiona na kuizoea. Mtoto wa miaka mitatu akishaichoka kamera, ndipo kazi huanza. Saa ya ziara nayo huchaguliwa na tumbo la mtoto: asubuhi baada ya uji, au alasiri baada ya kulala. Mtoto mwenye njaa hana subira ya mtu yeyote.

Mpigapicha hupiga magoti au huketi sakafuni, kwa sababu ukimpiga mtoto picha ukiwa umesimama, utakachopata zaidi ni utosi wake. Na kwa kuwa mtoto hatulii, kamera inafaa ifungue jicho lake kwa muda usiozidi sehemu moja ya 250 ya sekunde. La sivyo mikono ya anayekimbia itaonekana kama moshi.

Suala la mwanga lina ugumu wake katika eneo hili. Kisumu iko karibu sana na Ikweta. Adhuhuri jua huwa utosini, macho yakafunikwa na vivuli. Jioni hutua kati ya saa kumi na mbili u nusu na saa moja mwaka mzima, tena hushuka wima, kwa hivyo ule mwanga laini wa rangi ya dhahabu haudumu. Anayefika ufuoni saa kumi na mbili u nusu huenda akawa amechelewa.

Isitoshe, ziwa lenyewe huidanganya kamera. Mng'ao wa maji ukiwa nyuma ya familia, kamera hudhani kuwa mwanga umezidi na huupunguza, nyuso za watu zikageuka giza. Dawa ni kuipa familia ubavu wa ziwa badala ya mgongo, au kuiongezea kamera mwanga kwa mkono. Ngozi nyeusi imedhulumiwa na mitambo kwa muda mrefu: kwa miaka mingi, kadi ambazo kampuni ya Kodak ilizisambazia maabara kwa ajili ya kupimia rangi zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu.

Ufuo wa Dunga unapendeza, ila saa inayotamaniwa na mpigapicha ndiyo saa ambayo viboko hutoka majini kwenda malishoni. Vilevile, picha ya mtoto akirukaruka majini huvutia mno, lakini konokono wa ziwa hili hueneza vimelea vya kichocho. Mtoto abaki mchangani. Akipanda mashua, avae jaketi ya kujiokolea, hata kama itaharibu picha.

Baada ya ziara hutokea jambo ambalo wazazi wengi hulisahau. Picha ya karai inayomchekesha shangazi huenda isimchekeshe mwenyewe atakapofika shule ya sekondari. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kutumiwa, na matumizi hayo yalinde maslahi ya mtoto. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Basi mzazi aulize mapema, na jibu liandikwe: je, mpigapicha atazitumia picha hizi kujitangaza?

Kisha zitahifadhiwa wapi? Mwaka 1936 mwanaanthropolojia Mwingereza, E.E. Evans-Pritchard, aliwapiga picha Waluo wa Nyanza. Picha hizo ziliishia katika makavazi ya Pitt Rivers mjini Oxford. Nakala zake zilirejea Nyanza mwaka 2007, miaka 71 baadaye, katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, yaani kutafakari ya kale. Hadi wakati huo, aliyetaka kuiona sura ya babu yake katika picha hizo angelazimika kwenda Uingereza.

Siku hizi picha haziendi Oxford. Hupotea na simu iliyoibwa Kibuye au iliyotumbukia ziwani. Picha 20 zilizochapishwa kwenye karatasi na kutiwa katika albamu zitadumu kuliko 2,000 zilizo ndani ya simu. Nyuma ya kila moja yaandikwe majina, mahali na tarehe, kwa penseli laini isiyokwaruza karatasi. Jina la nyanya nalo liandikwe kamili, si "nyanya" tu.