Mtafiti wa ubongo ana haja gani na wodi?

Mwanasayansi mwenye shahada ya uzamivu anapoamua kusomea udaktari wa magonjwa ya akili, akaanza upya na zamu za usiku na mafaili ya wagonjwa, wenzake wa maabara humsikitikia. Wanaona anatupa miaka yake bora ya utafiti. Sikubaliani nao. Kisukari hupimwa kwa damu, vimelea vya malaria huonekana kwa darubini, lakini skizofrenia na sonona hadi leo hutambuliwa kwa kuzungumza na mgonjwa na kumtazama kwa makini. Anayetafiti maradhi hayo bila kujifunza kusikiliza anafanya kazi bila kipimo.

Karl Deisseroth wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alipata uzamivu wa sayansi ya neva mwaka 1998 na udaktari mwaka 2000. Alikusudia kuwa mpasuaji wa ubongo. Alipopangiwa wodi ya magonjwa ya akili, kama wanafunzi wote wa udaktari, mgonjwa mmoja alimjia juu kwa ghadhabu na kumtuhumu mambo asiyoyafanya. Ubongo wa mtu yule haukuwa na jeraha la kuonekana, ilhali ulimwengu wake ulikuwa umevurugika kabisa. Deisseroth akaachana na upasuaji, akasomea ubingwa wa magonjwa ya akili. Mwaka 2005 yeye na wenzake walitangaza mbinu ya kuziamsha seli za neva kwa mwanga: jeni ya protini ya mwani wa kijani hupandikizwa ndani ya seli, na protini hiyo ikimulikwa kwa mwanga wa buluu hufunguka, chaji zikapita, seli ikaamka ndani ya milisekunde chache.

Mtu anaweza kusema kwamba mbinu hiyo haikuhitaji wodi, na ana hoja: Edward Boyden, mshirika wake mkuu, alitokea kwenye fizikia na uhandisi. Ila kuwa na chombo ni jambo moja, kujua ukielekeze wapi ni jingine. Mwaka 2020 kundi la Deisseroth liliona kwamba panya waliopewa dawa ya usingizi ya ketamini walikuwa na mdundo wa taratibu katika sehemu moja ya ubongo. Panya hasemi anachohisi. Mgonjwa wa kifafa, aliyekuwa amewekewa nyaya ubongoni kwa ajili ya matibabu, alieleza kuwa kabla ya degedege hujihisi ametengana na nafsi yake. Mdundo wa namna ileile ukaonekana kwake. Sehemu hiyo iliposisimuliwa kwa umeme, hisia ile ikarudi. Bila maelezo ya mgonjwa, mdundo ule ungebaki mchoro tu kwenye kompyuta.

Je, isingetosha kushirikiana na madaktari? Kwa tafiti nyingi, inatosha. Lakini anayeletewa taarifa hupata majibu ya maswali yaliyokwisha kuulizwa; aliyeketi na mgonjwa humwona akisita katikati ya sentensi, akamuuliza kilichomkwaza. Ni kweli pia kwamba katika magonjwa ya akili mwanga huo bado ni chombo cha utafiti, na mafunzo ya ubingwa yanakula miaka. Lakini kukaa na wagonjwa kumewahi kuzaa matunda: litiamu nayo iliingia katika tiba ya wazimu wa furaha mwaka 1949 kwa mkono wa John Cade wa Australia, aliyeijaribu kwanza kwa wanyama wa maabara, kisha kwa wagonjwa aliokuwa akiwahudumia mwenyewe.