Vanila: Bei ya Kimbunga Haidumu

Machi 7, 2017 kimbunga Enawo kilipiga mashamba ya vanila karibu na Antalaha, Madagaska. Bei ya kilo moja ya vanila kavu ilifikia dola 600 hivi. Lakini familia iliyopoteza mimea haikuwa na mzigo wa kuuza, kwani mche mpya huchukua miaka 3 hivi kuzaa na kila ua huchavushwa kwa mkono. Baada ya kimbunga Hudah cha mwaka 2000 bei ilipaa hadi 2003, na kufikia 2005 ilikuwa chini ya dola 50. Mkulima wa Kagera au Uganda anayepanda bei ikiwa juu huweza kuvuna ikiwa imeanguka. Anayekopa apige hesabu kwa bei ya chini.