Gia ya Baiskeli ya Changarawe Huchaguliwa Mlimani

Dukani, swali la kwanza la mnunuzi huwa ni moja: ina gia ngapi? Jibu lake halimsaidii sana. Baiskeli yenye gia 22 inaweza kukulazimisha kushuka na kukokota kwenye mlima ambao mwenzako mwenye gia 10 anaupanda akiwa ameketi. Kinachoamua ni gia nyepesi kabisa uliyonayo. Hesabu yake ni fupi: chukua meno ya sahani ndogo ya mbele, ile iliyoshikana na krenki, ugawanye kwa meno ya gia kubwa kabisa ya nyuma.

Baiskeli ya mtumba iliyoundwa kwa mbio za lami mara nyingi huja na sahani mbili mbele, ya meno 50 na ya meno 34, na kaseti, yaani rundo la gia za nyuma, ya meno 11 hadi 28. Gawanya 34 kwa 28, utapata 1.21. Gurudumu la 700 lenye tairi la milimita 40 lina mzingo wa takriban mita 2.2, kwa hiyo kila mzunguko wa pedali unakusogeza karibu mita 2.7. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, ambayo tayari ni mwendo wa kujikongoja, unatakiwa uende kilomita 9.6 kwa saa. Mlima ukiwa na mwinuko wa asilimia 10, na wewe pamoja na baiskeli na maji yako mna kilo 85, hiyo ni kazi ya wati 240 hivi. Vijana wa mashindano wataimudu. Mtu wa mazoezi ya wikendi ataimudu kwa dakika chache tu.

Sasa weka sahani moja ya meno 40 mbele na kaseti ya 10 hadi 51 nyuma. Uwiano unashuka hadi 0.78, kila mzunguko ni mita 1.7, na mwendo uleule wa miguu unakupa kilomita 6.2 kwa saa kwa wati 160 hivi. Mlima haujabadilika, wala miguu.

Atakuwepo wa kusema kwamba anaweza kubaki na gia nzito akakanyaga polepole. Anaweza, kwenye lami. Kwenye changarawe legelege kila mkanyago mzito hufika gurudumuni kwa mshtuko, tairi la nyuma linateleza, na baiskeli inasimama. Magoti nayo yana bili yake ya baadaye.

Hofu ya upande wa pili, kwamba sahani moja itamnyima mtu kasi, imekuzwa mno. Meno 40 mbele na 10 nyuma, kwa mizunguko 90 kwa dakika, ni zaidi ya kilomita 47 kwa saa. Kwenye barabara ya vumbi yenye mashimo, anayehitaji zaidi ya hapo kwa kawaida anateremka mlima, na huko jambo la kufikiria ni breki.

Je, sahani mbili zimepitwa na wakati? Hapana, ila sababu ya kuzichagua si ile inayosemwa mara nyingi. Mfumo wa gia wa Shimano GRX wenye gia 12 za nyuma, uliotoka mwaka 2023, unapatikana na sahani za 48 na 31 pamoja na kaseti ya 11 hadi 36. Gia yake nyepesi ni 0.86, nzito kidogo tu kuliko ile ya sahani moja, na upana wa gia zote kwa jumla unakaribia kulingana. Tofauti iko katikati. Kwenye kaseti ya 10 hadi 51, kutoka meno 10 kwenda 12 ni mruko wa asilimia 20, na miguu inauhisi. Kwenye ile ya 11 hadi 36, kutoka 11 kwenda 12 ni asilimia 9. Anayeendesha kwa kundi kwenye lami saa nzima, akitafuta mdundo usiobadilika, atafurahia hatua hizo ndogo. Kama nusu ya safari zako ni lami, nunua sahani mbili bila aibu.

Wengine wote ningewashauri sahani moja, na sababu kubwa ni udongo. Mashindano ya Migration Gravel Race yaliyoanza Maasai Mara mwaka 2021 hupita katika nchi ya udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha, udongo huo hujaa kila penye upenyo, na kibadilisha gia cha mbele ni upenyo mzuri sana kwake. Ukikiondoa, unabaki na kitu kimoja pungufu cha kuziba, kupinda na kurekebishwa. Sahani moja ya kisasa pia ina meno mapana na membamba yanayopokezana ili kushika cheni, na kibadilisha gia cha nyuma kina klachi inayoizuia isirukeruke pale barabara inapokuwa na matuta madogo yaliyopangana kama bati.

Mwenye baiskeli ya lami yenye leva za Shimano za gia 11, kama 105 ya R7000, hana haja ya kununua mfumo mzima. Kibadilisha gia cha GRX RX812 kinaelewana na leva hizo na kinabeba kaseti ya 11 hadi 42. Ukiweka sahani ya meno 38 mbele, gia nyepesi inakuwa 0.90. Cheni ipimwe upya, na fundi akumbuke kuweka ringi ya milimita 1.85 nyuma ya kaseti hiyo kama hab, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, ni ya lami ya gia 11. Ringi hiyo ikisahaulika, kaseti hucheza hata ikikazwa vipi.

Hab ndiyo inayowakwaza wengi. Kaseti zinazoanzia meno 10 haziingii kwenye hab ya kawaida ya Shimano. Zinataka Micro Spline, au XDR ikiwa ni SRAM. Campagnolo Ekar ya mwaka 2020, yenye gia 13 na meno 9 kwenye gia ndogo, ina hab ya aina yake. Uliza mapema ni duka gani katika mji wako linauza kaseti ya hab hiyo. Kwa anayeishi mbali na mji mkubwa, mfumo wa gia 10 wa microSHIFT Advent X, wenye kaseti ya 11 hadi 48 inayoingia kwenye hab ya kawaida, una akili zaidi kuliko gia 13 zisizo na vipuri. Na gia za betri, zinazobadilishwa kwa umeme, nisingezilipia kabla ya kulipia tairi nzuri.

Ukishanunua, kumbuka matunzo: vumbi likichanganyika na oili ya cheni hugeuka msasa. Cheni ya gia 11 au 12 ibadilishwe ikifika asilimia 0.5 ya kurefuka. Ukiiacha, inakula kaseti, na kaseti pana hugharimu bei ya cheni kadhaa. Kipimo cha cheni ni kitu cha bei ndogo: kinunue siku ileile unayonunua baiskeli.