Fahamu: Msitu wa Kwamkoro na utafiti uliosikilizwa

Je, ripoti ya wataalamu inaweza kuzima msumeno? Kwamkoro, juu kule Amani wilayani Muheza, iliwezekana.

Miaka ya 1970 Finland ilisaidia kiwanda cha mbao cha Tanga kupata mitambo, na magogo yakateremshwa kutoka Usambara Mashariki. Wanasayansi wakapiga kelele: misitu hii ina mimea na wanyama wasiopatikana kwingine duniani, na ndiyo inayolisha mto Sigi, ambao maji yake hunywewa Tanga mjini. Mwaka 1986 na 1987 msitu ukapimwa upya, safari hii pia kwa fedha za Finland. (Mfadhili kulipia ushahidi unaomsuta si jambo la kila siku.) Uvunaji mkubwa wa magogo ukakoma, na mwaka 1997 Kwamkoro ikaingizwa katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, yenye hekta zipatazo 8,380.

Lakini kuna jeraha lililobaki. Msizi, mti wa kigeni uliopandwa Kwamkoro baada ya ukataji, unaota wenyewe kila palipo na uwazi, kwa kuwa hondohondo hula matunda yake na kudondosha mbegu mbali. Watafiti wameueleza kwa miongo kadhaa. Kuung'oa ni hesabu nyingine: nani alipe, mbao ziwe za nani, na wanakijiji wanaotegemea kuni za msitu huo wapate nini?