Mizizi ya Wagusii tuitafute katika lugha, si Misri

MWACHA asili ni mtumwa, walinena wahenga. Lakini mtu atashikamanaje na asili asiyoijua? Kila mwaka huwapa wanafunzi wangu wa isimu walio katika mwaka wa kwanza zoezi jepesi: andika majina ya babu zako wawili na nyanya zako wawili, kisha majina ya wazazi wao wanane. Wanaotoka Kisii na Nyamira hawatofautiani na wenzao. Wengi hukwama kwa baba ya babu, na upande wa nyanya karatasi hubaki nyeupe pe.

Nalitaja jambo hili wakati ambapo walimwengu wengi wamo mbioni kutafuta mizizi yao. Watu husafiri maelfu ya kilomita, hulipia vipimo vya chembechembe za mate, na hupekua vitabu vilivyoliwa na mende ili wapate jina moja tu la mhenga. Mfano ulio karibu nasi ni wa Barack Obama. Upande wa baba, nasaba yake aliisikia Kogelo kwa masimulizi ya mama Sarah, mke wa babu yake, aliyefariki mwaka 2021. Akaisimulia katika kitabu alichochapisha mwaka 1995. Upande wa mama, mambo yalikuwa tofauti kabisa. Mwaka 2007 kasisi mmoja wa Ayalandi alipofungua rejista za kale za kanisa la Templeharry, alikuta humo ukoo wa Kearney wa kijiji cha Moneygall. Ndimo alimotoka Falmouth Kearney, aliyehamia Marekani mwaka 1850. Mwezi wa Mei mwaka 2011 Rais huyo alifika Moneygall na kulakiwa kama mwana aliyerudi nyumbani.

Basi mtu mmoja ana mizizi miwili: mmoja ulihifadhiwa kinywani, mwingine kitabuni. Msomaji asiharakishe kudhani kwamba wa kitabuni ndio ulio salama zaidi. Waayalandi wenyewe wanajua uchungu wake. Njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 iliwaua watu wapatao milioni moja na kuwafukuza wengine zaidi ya milioni moja ng'ambo ya bahari. Leo vilembwe wa waliohama hurejea kuuliza, "Babu yetu alitoka kijiji gani?" Mara nyingi hujibiwa kwamba nyaraka ziliungua. Mnamo Juni 30, 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, hifadhi ya nyaraka za umma katika jengo la Four Courts jijini Dublin iliteketea, na pamoja nayo karibu sensa zote zilizosalia za nusu ya kwanza ya karne ya 19. Kilichosalia ni rejista za makanisa, daftari za kodi ya ardhi, na sensa za mwaka 1901 na 1911. Ilipotimia miaka mia moja, mwaka 2022, wasomi wa huko walizindua hifadhi ya kidijitali inayojaribu kuziunga upya nyaraka hizo kutokana na nakala zilizotapakaa huku na huko.

Sisi Wagusii hatukuwa na Four Courts. Hifadhi yetu ni wazee, nao hutoweka mmoja mmoja bila moshi wala king'ora. Isitoshe, sisi pia sasa ni watu wa kuhama. Jimbo la Minnesota huko Marekani lina jamii kubwa ya watu wa Kisii na Nyamira, na huko wamezaliwa watoto wasiowahi kuikanyaga Manga wala Nyamarambe. Siku itafika ambapo kilembwe wa muuguzi aliyehama atashuka garini mjini Kisii akiwa na jina moja mkononi, kama Mwayalandi wa Boston anavyoshuka Dublin leo. Atatuuliza nini, nasi tutamjibu nini?

Nahofia kwamba tutamjibu, "Tulitoka Misri." Hili ndilo jibu ambalo shule zetu zimelipenda mno. Si Wagusii peke yao. Wakuria na Waluhya wengi nao husimulia hivyo hivyo. Sina nia ya kuwadhihaki wazee. Hata hivyo, neno lenyewe latushtaki. Misri ni neno la Kiarabu lililotufikia kupitia Kiswahili, likaenea katika nyanda hizi pamoja na Biblia na shule. Mhenga wa karne ya 16 asingeweza kulitamka, wala lugha yake haina dalili ya kuwahi kukaa kwenye kingo za mto Naili wa kaskazini. Naamini Misri ilipachikwa mwanzoni mwa masimulizi yetu na watu waliotaka heshima ya kutajwa katika Maandiko. Twaweza kuielewa tamaa hiyo bila ya kuifundisha kuwa historia.

Masimulizi yanayofuata baada ya Misri, hata hivyo, yana uzito wa kweli. Mwanahistoria William Ochieng', katika kitabu chake kuhusu historia ya Wagusii kabla ya ukoloni kilichotoka mwaka 1974, alikusanya kauli za wazee zinazoitaja njia yenye vituo vinavyojulikana: Mlima Elgon, ghuba ya Goye upande wa Yimbo, maeneo ya Kisumu, nyanda za Kano, kisha Kabianga. Hapo Kabianga, wasema wazee, baridi iliharibu mazao, ng'ombe wakafa, watu wakadhoofika. Jina lenyewe huelezwa kwa kitenzi *okwanga*, yaani kukataa: mahali ambapo vitu vyote vilikataa. Huenda maelezo haya ya jina yalibuniwa baadaye; lugha zote hupenda kuyapa majina ya mahali hadithi. Lakini Kabianga ipo hadi leo katika Kaunti ya Kericho, kati ya Wakipsigis, na ina chuo kikuu. Jamii isiyowahi kupita huko ingeihifadhi ya nini kumbukumbu ya kushindwa kwake?

Sasa tuiulize lugha. Ekegusii kimezungukwa na lugha zisizo za Kibantu: Kijaluo magharibi, Kikipsigis mashariki, Kimaasai kusini. Ni kama kisiwa. Ndugu zake wa karibu hawapo mpakani bali ng'ambo: Igikuria, Kizanaki, Kingurimi na wenzao wa mkoa wa Mara nchini Tanzania. Kama Igikuria, Ekegusii kina irabu saba, ingawa twakiandika kwa tano. Hata majina ya koo hupokezana: kwetu wapo Ababasi, na kwa Wakuria wapo Abanyabasi.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote uko jikoni. Mgusii akitaka kutaja tawi la ukoo hutumia neno *riiga*. Maana yake ya kawaida ni jiwe la kuinjikia chungu, wingi *amaiga*. Mswahili husema figa, mafiga. Vuka sasa hadi Buganda: tawi kubwa la ukoo huitwa *essiga*, na neno hilo hilo ni figa la jikoni. Watu wawili wanaoishi mbali kiasi hicho, wanaotumia neno la asili moja, tena kwa sitiari ile ile ya ukoo kuwa jiko, hawakukutana kwa bahati nasibu. Wamerithi fikra moja kutoka kwa wasemaji wa Kibantu wa eneo la Maziwa Makuu. Mtu aliye na *riiga* mkononi haombi cheti Misri.

Lugha hutufundisha pia kuwa waangalifu na ramani. Katika Ekegusii, kiambishi *ke-* hugeuka *ge-* kikifuatwa na silabi inayoanza kwa sauti isiyo ghuna kama *t* au *k*. Ndiyo maana twasema *ekerogo* kwa kiti lakini *egetabu* kwa kitabu. Wanaisimu huiita kanuni ya Dahl, kwa jina la mmisionari Mjerumani aliyeibainisha katika Kinyamwezi. Watu wa ukoo mkubwa wa Nyamira na Kisii hujiita Abagetutu, na nchi yao Bogetutu. Karani wa serikali ya kikoloni aliandika Kitutu. Vivyo hivyo Bonchari ikawa Wanjare na Bogirango ikawa Mugirango. Kiambishi *Bo-* ni ndugu wa *U-* ya Kiswahili katika Ugogo au Unyamwezi. Humaanisha nchi ya watu fulani. Wapimaji ramani wa Kiingereza waliyafanya hayo hayo majina ya vijiji vya Ayalandi katika karne ya 19, na mjukuu anayetafuta leo huhangaika na tahajia ambayo babu yake hakuwahi kuitumia.

Nasaba yenyewe huhifadhiwa kwa maneno ambayo vijana wa mjini wanayasahau. *Egesaku* ni kizazi cha mhenga mmoja. *Enyomba* ni nyumba, lakini nyumba ya mke. Katika boma la mke zaidi ya mmoja, kila mke alikuwa na enyomba yake, na mara nyingi ukoo uligawanyika hapo hapo, kwa mama. Kwa hivyo ni upotovu kudhani kwamba nasaba ya Kigusii ni orodha ya wanaume tu. Wanaume ndio waliotajwa barazani. Wanawake ndio waliokuwa mipaka. Mwanafunzi anayemhoji babu peke yake huondoka na nusu ya habari. Maarifa haya yalikuwa na kazi: kijana hakuruhusiwa kuoa ndani ya ukoo wake. Siku hizi vijana hukutana chuoni wakiwa na majina ya Kizungu, wakachumbiana, na ukoo huulizwa wazazi wanapoonana.

Majina nayo yamebadilika. Kwa desturi mtoto hupewa jina la marehemu wa jamaa, nalo huzunguka katika ukoo kama mali isiyouzwa. Mengine hubeba tukio: Kwamboka hutokana na kuvuka, kama mama aliyejifungua akiwa safarini ng'ambo ya mto. Kwenye kitambulisho, jina la tatu lilikuwa la baba, kwa hiyo kila kizazi kiliongeza pingu moja kwenye mnyororo. Sasa familia nyingi zimeligandisha jina moja kwa watoto na wajukuu, kama Wazungu wafanyavyo. Ni rahisi kwa benki, lakini mnyororo unakatika. (Wapo wanaotania kwamba *O* ya Onyancha ni ile ile ya O'Brien. La hasha. Ya Waayalandi humaanisha mjukuu. Yetu haina maana hiyo, na jina Onyancha lahusiana na *enyancha*, yaani ziwa.)

Vitabu pia tunavyo, ingawa ni vya juzi. Wamisionari wa Mill Hill walifungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911, miaka mitatu tu baada ya Otenyo kumchoma mkuki afisa Northcote na serikali kulipiza kisasi kwa moto. Desturi ya Wakatoliki ya kuandika jina la anayebatizwa na la wazazi wake ndiyo iliyowaokoa Waayalandi wengi baada ya mwaka 1922. Wagusii tumeitumia hazina hiyo kwa nadra mno.

Nina onyo moja. Nasaba katika nchi yenye uhaba wa ardhi kama Kisii na Nyamira si mchezo. Koo nyingi ziliwapokea wageni, *abamenyi*, waliokimbia njaa au vita. Nguvu ya Abagetutu yenyewe ilitokana kwa sehemu na wakimbizi waliopewa hifadhi. Wajukuu wa hao wageni ni Wagusii kamili, wana mashamba na makaburi. Ninajua kwamba wapo wanaochimbua asili ya jirani ili wamwambie kuwa babu yake alikuja jana, hasa kesi ya urithi inapofika mahakamani. Mwalimu asibandike ukutani kazi ya mwanafunzi inayosema ukoo wa fulani ulitoka kwa Wakipsigis au kwa Wajaluo. Habari hiyo ni ya familia. Na wao ndio waamue.

Hata hivyo kazi yenyewe isiachwe. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2019, umezipa lugha za mama nafasi katika madarasa ya kwanza ya msingi. Mara nyingi nafasi hiyo hujazwa kwa nyimbo na majina ya wanyama, kisha ikafungwa mtoto anapoanza kuuliza maswali ya maana. Ningependa mwalimu wa darasa la juu, awe wa Kiswahili au wa historia, ampe kila mwanafunzi daftari moja wakati wa likizo ya Desemba, ambapo hata wa Nairobi hurudi nyumbani.

Aanze na *magokoro*, nyanya yake, wala si babu. Amuulize alizaliwa egesaku gani na mama yake alitoka wapi. Asimkatize anapoingia katika habari za ng'ombe wa mahari, kwa maana humo ndimo majina yalimo. Aulize nani alipewa jina la nani. Akishindwa kupata mwaka, aulize tukio lililokuwa karibu: nzige, njaa, kurudi kwa askari kutoka Burma. Aandike kwa Ekegusii kwanza, Kiswahili baadaye. Jina la mahali aliandike kama nyanya alivyolitamka, kisha amsomee polepole, na nyanya amrekebishe kabla ya daftari kurudishwa shuleni.