Kikaango na Soga: Saturday Kitchen kwa Jicho la Fasihi Simulizi

Wanafunzi wa fasihi simulizi tumezoea kumtafuta fanani kando ya moto wa jioni, amezungukwa na wajukuu. Makala haya yanamtafuta mbele ya jiko la studio, Jumamosi asubuhi, nchini Uingereza. Saturday Kitchen ni kipindi cha BBC kilichoanza mwaka 2002. Kwa kawaida huonyeshwa moja kwa moja kwa takriban saa moja na nusu. Wapishi hupika huku mtu mashuhuri, aghalabu mwigizaji, mwanamuziki au mchekeshaji, akihojiwa na kulishwa.

Swali linalozuka ni hili: kwa nini mapishi na mahojiano yatiwe katika chungu kimoja? Wengine watasema kwamba chakula huvutia na umaarufu huuza. Jibu hilo halitoshi. Mgeni wa aina hii huja na filamu au kitabu cha kutangaza, na majibu yake ameyakariri. Akikalishwa kwenye kochi atayamwaga yote. Jikoni hawezi, kwani kitunguu hakingoji sentensi ikamilike. Mwenyeji huuliza swali akikatakata, hugeuza samaki jibu likiwa katikati, kisha humpa mgeni kijiko aonje. Mazungumzo hukatika na kuungwa papo hapo. Huo ni ufaraguzi, sifa ileile tunayoihusisha na mtambaji stadi.

Hadhira nayo hutiwa ndani ya utendaji. Mgeni hutaja chakula anachokipenda mno, kiitwacho pepo yake, na kile asichoweza kukivumilia, yaani jahanamu yake. Kwa miaka mingi kura za watazamaji na za walioko studioni zimeamua apikiwe kipi. Hapa nyota hugeuka kuwa mtoto anayengoja kujua kama atalishwa mboga asiyoitaka, na mtazamaji wa kawaida ndiye mwenye mwiko. Kwa istilahi zetu, hadhira tuli imekuwa hadhira tendi. Halafu kulikuwa na lile shindano la wapishi wakuu kukimbizana na saa kupika kimanda cha mayai matatu. Matokeo yake mara nyingine hayakulika, na nadhani hilo ndilo lililowapendeza watazamaji.

Ikumbukwe pia kwamba kipindi hiki hupachika vipande vya kumbukumbu za BBC, wakiwemo Rick Stein na marehemu Keith Floyd, yule aliyepika glasi ya mvinyo mkononi huku akimwamuru mpiga picha aelekeze kamera kwenye sufuria. Floyd ni fanani kamili. Ningeweza kuandika makala nzima juu yake.

Hata hivyo, utendaji wa namna hii hutegemea imani, na mwaka 2007 imani hiyo ilitikiswa. Ilibainika kwamba watazamaji walikuwa wamehimizwa kupiga simu, kwa malipo, ili wapate nafasi ya kushiriki kipindi cha juma lililofuata, ilhali kipindi hicho kilirekodiwa siku ileile. Mwaka huohuo Ofcom, mamlaka ya utangazaji, iliitoza BBC faini ya pauni 50,000 kwa udanganyifu katika shindano la simu la kipindi cha watoto, Blue Peter.

Yamkini msomaji atauliza: kurekodi mapema kuna ubaya gani, iwapo chakula ni kilekile na mzaha ni uleule? Kurekodi si kosa. Hadithi iliyoandikwa kitabuni hurekodiwa pia, wala haimdanganyi mtu. Kosa ni kuita "Paukwa!" ilhali umekwisha kujiitikia mwenyewe "Pakawa!", kisha ukawatoza walioko nje ada ya kuitikia. James Martin, mwenyeji wa wakati huo, aliendelea hadi Machi 2016. Baada yake walipokezana wenyeji kadhaa, na Matt Tebbutt akawa ndiye anayeonekana zaidi. Kura ya pepo na jahanamu haikuondolewa.