Udongo Unavyokula Chuma

Jembe jipya likitoka dukani Kibondo kabla ya mvua za Oktoba, bamba lake huwa pana na kona zake zimechongoka. Lipe misimu michache ya mahindi, maharage na mihogo, kisha ulitazame tena: kona zimeviringika na bamba limepungua urefu. Hakuna aliyelikata. Udongo umelila kidogo kidogo, na kila tupa ilipopita kulinoa, kipande kingine kilikwenda.

Mashine za kusaga nazo hazinusuriki. Kuanzia Kasulu mjini hadi vijiji vinavyopakana na kambi ya Nduta, iliyofunguliwa upya mwaka 2015 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, mahindi husagwa kwa mashine za nyundo. Ndani yake, vibao vya chuma vilivyoning'inizwa kwenye shafti huzunguka maelfu ya mara kwa dakika na kuponda punje mpaka zipenye kwenye chekeche. Kila nyundo ina kona nne. Kona moja ikilika, fundi huifungua mashine, huigeuza nyundo na kuanza kutumia kona ya pili. Zikiisha zote nne, hapo ni kununua seti nyingine. Chuma kilicholika huingia kwenye unga, ndiyo maana baadhi ya wenye mashine hufunga sumaku pale unga unapotokea.

Chanzo cha yote haya ni ugumu. Wahandisi huupima kwa kukandamiza ncha ya almasi juu ya metali na kuangalia alama inayobaki ina ukubwa gani, kipimo kinachoitwa Vickers. Chuma cha jembe zuri hupata takriban 400 hadi 500. Kwatzi, madini yanayounda sehemu kubwa ya mchanga wa kawaida, huvuka 1,000. Chembe ya mchanga ikiburuzwa juu ya jembe huchimba mfereji mwembamba usioonekana kwa macho, na mkulima anapolima heka moja, mifereji hiyo haina idadi.

Kati ya metali ambazo wanasayansi wamezigeukia kutafuta dawa ya ulaji huu, liko kundi moja lenye historia ya ugomvi: kwasikristali.

Tarehe 8 Aprili 1982, Dan Shechtman, mtafiti wa Israeli aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya taifa ya viwango nchini Marekani, aliweka chini ya hadubini ya elektroni aloi ya alumini na manganizi iliyopozwa ghafla. Akaona nukta za mwanga zimejipanga kwa duara, kumi kila duara. Kwenye daftari lake aliandika namba kumi na kuifuatisha alama tatu za kuuliza, kwa kuwa vitabu vyote vya fani hiyo vilisema mpangilio wa namna ile hauwezekani. Wenzake hawakumwamini, na aliombwa aondoke kwenye kikundi chake cha utafiti. Makala yake ilichapishwa Novemba 1984. Linus Pauling, mshindi wa Nobel mara mbili, aliipinga mpaka alipofariki mwaka 1994. Mwaka 2011 Shechtman alipewa Nobel ya kemia, peke yake.

Ubishi ulihusu nini? Fundi wa vigae anaweza kufunika sakafu nzima kwa vigae vya pembe nne, au vya pembe sita, bila kuacha pengo. Akipewa vigae vya pembe tano pekee, mapengo yatabaki hata afanye nini. Atomu za metali za kawaida hufuata kanuni hiyo hiyo: hujipanga kwa umbo moja linalojirudia tena na tena. Katika kwasikristali atomu zina mpangilio kamili, wenye pembe tano zilizokatazwa, ila umbo halijirudii kwa hatua zilizo sawa.

Kutojirudia huko ndiko kunakoleta faida. Metali ya kawaida hupinda kwa sababu safu za atomu huteleza moja juu ya nyingine. Pasipo safu zinazojirudia, kuteleza huwa kugumu, na metali hukataa kuchorwa. Aloi ya alumini, shaba na chuma ya aina hii hufikia Vickers 800 hadi 1,000, karibu na mchanga wenyewe. Msuguano wake pia ni mdogo. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichukua aloi ya alumini, nikeli na kobalti ambayo uso wake una mwelekeo mmoja unaojirudia na mwingine usiojirudia. Walipoburuza ncha ndogo sana juu yake, msuguano kwenye mwelekeo unaojirudia ulikuwa mkubwa mara nane.

Mbona basi hakuna jembe la kwasikristali? Kwa sababu linavunjika. Kitu kinachokataa kupinda hakina njia ya kupokea pigo, kwa hiyo jembe la namna hiyo lingepasuka kwenye jiwe la kwanza. Hapo ndipo kazi ya usanifu inapoanza: kuuchukua ugumu na kuuacha wepesi wa kuvunjika.

Hatua ya kwanza ni kipimo cha mchanganyiko. Mwaka 1987 An-Pang Tsai na wenzake nchini Japani waligundua kuwa katika kila atomu 100, alumini ikiwa 65, shaba 20 na chuma 15, kwasikristali hutengemaa bila kuhitaji kupozwa ghafla. Ukikosea kidogo, fuwele za kawaida hujitokeza katikati yake. Baadaye iliongezwa boroni kidogo ili kuiboresha.

Hatua ya pili ni kuchagua pa kuiweka. Njia mojawapo ni kuyeyusha unga wake kwenye mwali wa moto na kuupuliza juu ya chuma, uwe ngozi ngumu juu ya mwili unaostahimili mapigo. Jean-Marie Dubois wa Nancy, Ufaransa, alifuata njia hiyo kutengeneza vikaango visivyogandisha chakula. Viliuzwa madukani, lakini chumvi ya mapishi iliushambulia utando ule, na biashara haikudumu. Njia nyingine ni kutawanya chembe zake ndani ya metali laini au plastiki: chembe hupokea mikwaruzo, kilichozizunguka hupokea mapigo. Nailoni iliyochanganywa na chembe hizo hutumika kuchapisha vipuri kwa mashine za leza. Iliyofanikiwa zaidi ni ya Sweden, ambako kampuni ya Sandvik ilitengeneza chuma cha pua ambacho, kikipashwa moto, huotesha ndani yake chembe ndogo mno za kwasikristali. Chuma hicho hutengenezewa nyembe na sindano nyembamba za kupasulia macho.

Mafundi wa kuchomelea wanalijua wazo hili la ngozi ngumu kwa sura nyingine. Ncha ya plau au jino la greda hufunikwa kwa fimbo maalumu ya kuchomelea yenye kabidi za kromiamu, ambazo ni ngumu kuliko kwatzi. Kwa kazi ya udongo, kabidi hizo zinaishinda kwasikristali, tena zinapatikana sokoni leo. Mwenye mashine ya kusaga anayetaka nyundo zake zidumu aanzie hapo. Nafasi ya kwasikristali iko kwenye sehemu zinazoteleza bila kugongwa na zinazotaka wepesi wa uzito: beringi, pistoni, vipuri vya pampu.

Baadhi ya malighafi zake haziko mbali. Kabanga ya Ngara, kaskazini mwa Kibondo, ina hazina kubwa ya nikeli pamoja na shaba na kobalti, na mwaka 2021 serikali iliingia ubia wa kuichimba kupitia kampuni ya Tembo Nickel. Madini hayo yanatafutwa kwa ajili ya betri. Kuyageuza kuwa aloi ya namna hii kunahitaji tanuru linalodhibiti joto kwa makini, hadubini ya elektroni na watu waliosomea metali, na kati ya hayo matatu, watu ndio wanaochukua miaka mingi zaidi kuandaliwa.